Kubadilisha Diski Iliyokufa Kwenye Kompyuta Mpakato ya Zamani

Maduka ya Kariakoo na Posta, jijini Dar es Salaam, huuza kwa wingi kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika maofisini nje ya nchi, hasa HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad za kati ya mwaka 2011 na 2015. Ni mashine zenye maungo imara, na nyingi bado zina uwezo wa kufanya kazi za barua, hesabu za duka na masomo kwa miaka kadhaa. Lakini ndani yake mara nyingi mna diski ya kuzunguka, ambayo, ukiiacha feni, ndiyo sehemu pekee yenye vipande vinavyotembea muda wote mashine inapokuwa imewashwa, na kwa hiyo ndiyo hutangulia kufa. Inapokufa, mwenye mashine huambiwa anunue nyingine, au huambiwa aiache "ipigwe Windows" upya. Ushauri wa kwanza humtia katika gharama isiyo ya lazima. Wa pili ni wa hatari zaidi, kwa sababu kufomati diski inayokufa hakuiponyi, bali hufuta kile ambacho kingeweza kuokolewa.

Kufungua mashine na kuweka diski nyingine ni kazi isiyozidi nusu saa kwa mtu makini. Kinachodai muda ni yale yanayotangulia bisibisi, na ndiyo maana mwongozo huu unayaeleza kwa urefu zaidi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba tatizo ni diski

Diski inayoelekea kufa huwa na dalili zake. Mashine huganda kwa dakika nzima huku taa ya diski ikibaki inawaka bila kupepesa. Folda moja hufunguka vizuri na nyingine hukataa. Kuwaka kwa Windows huchukua muda mrefu kuliko zamani, kisha siku moja skrini huonyesha maneno "Operating System not found" au "No bootable device". Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo ule ule, ambao utausikia ukiweka sikio karibu na sehemu ya kuwekea kiganja, ndio dalili mbaya kuliko zote, kwa kuwa maana yake ni kwamba vichwa vya kusomea vimeshindwa kupata njia yao juu ya sahani na vinarudi mwanzo kujaribu tena.

Hata hivyo, ujumbe wa skrini peke yake si ushahidi wa kutosha. Ujumbe huo huo hutokea ikiwa umesahau flashi kwenye tundu la USB, ikiwa diski imelegea kwenye soketi yake, au ikiwa betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao mama imekwisha. Hili la mwisho huwapoteza watu wengi. Betri hiyo, ambayo kwa kawaida ni CR2032 ya duara kama sarafu, huhifadhi tarehe na mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, wakati mashine imezimwa. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma kwa miaka na mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Pamoja na mipangilio hiyo huweza kubadilika pia namna ubao mama unavyozungumza na diski, yaani kutoka AHCI kwenda IDE au RAID, na Windows iliyowekwa chini ya namna moja hukataa kuwaka chini ya nyingine, ikatoa skrini ya bluu yenye maneno "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". Mtu akiona hivyo hununua diski mpya ilhali alihitaji betri ya bei ndogo tu.

Kwa hiyo anza kwa kuingia kwenye BIOS. Kwenye HP bonyeza F10 mara tu mashine inapowaka, kwenye Dell F2, na kwenye ThinkPad F1. Angalia tarehe. Kisha tafuta mahali diski inapotajwa: ikiwa jina la modeli yake na ukubwa wake vinaonekana, diski bado inajibu japo inaweza kuwa mbovu, ikiwa hapana kitu, zima, itoe diski na kuirudisha kwenye soketi, na utazame tena kabla ya kutoa hukumu. HP na Dell zina pia kipimo chao cha ndani kisichohitaji Windows. Kwenye HP bonyeza Esc halafu F2. Kwenye Dell bonyeza F12 na uchague "Diagnostics". Namba 301 kwenye HP, au 2000-0142 kwenye Dell, inaelekeza kidole kwenye diski moja kwa moja.

Ikiwa Windows bado inawaka kwa kusuasua, tumia programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, na usome mistari mitatu: 05, C5 na C6. Mstari wa 05 ni idadi ya sehemu za diski zilizokwisha kuachwa na nafasi zake kuchukuliwa na za akiba, C5 ni sehemu zinazosubiri kuamuliwa kwa sababu hazisomeki vizuri, na C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. Yote mitatu inapaswa kuwa sifuri. Tahadhari ni kwamba programu hiyo, isipobadilishwa, huandika idadi hizo kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, hivyo 10 unayoiona pale ni 16 kwa hesabu yetu ya kawaida. Mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano, ukiwa umepanda huku hiyo mitatu ikiwa safi, shuku kebo au soketi, usishuku diski.

Inafaa kujua pia kinachoziua diski hizi hapa mjini, maana ndicho kitakachoamua ununue nini. Mashine nyingi za zamani zina betri isiyokaa na chaji, kwa hiyo zinategemea waya wa ukutani tu. Umeme ukikatika, sahani husimama ghafla na vichwa hulazimika kurudishwa kwenye maegesho yake kwa dharura badala ya kwa utaratibu, tena wakati mwingine katikati ya kuandika faili. Sababu ya pili ni usafiri. Mtu hufunga kifuniko cha kompyuta bila kuizima, akaitia begini na kupanda bodaboda kutoka Posta hadi Mbagala; ikiwa mashine haikulala sawasawa, diski inazunguka njia nzima, na vichwa vinavyoelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu havina uvumilivu wa matuta.

Hatua ya pili: okoa vilivyomo kabla ya kugusa skrubu

Ukishashuku diski, acha kuitumia kwa kazi za kawaida. Usiendeshe "chkdsk /r", ambayo hupendekezwa kila mahali, kwa sababu huilazimisha diski dhaifu kusomwa yote kuanzia mwanzo hadi mwisho huku ikiandikiwa marekebisho, na baadhi ya diski huzimika katikati ya zoezi hilo zikiwa bado na picha na nyaraka ambazo hazijanakiliwa.

Njia salama zaidi ni kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwaka badala ya Windows. Utahitaji kompyuta nyingine ya kuazima, flashi ya GB 8, na upakuaji wa takriban GB 3. Andika faili hilo kwenye flashi kwa programu ya Rufus, chomeka flashi kwenye mashine yenye tatizo, kisha chagua kuwakia USB: F9 kwenye HP, F12 kwenye Dell na ThinkPad. Kuna faida mbili kwa wakati mmoja hapa. Kwanza, Linux ikiwaka kutoka kwenye flashi na kwenda vizuri, umepata uthibitisho kwamba RAM, ubao mama na skrini ni vizima, na kwamba mashine inastahili kununuliwa diski. Pili, utaweza kufungua diski ya zamani na kunakili faili zako kwenda kwenye diski ya nje. Nakili kwa mpangilio wa thamani: anza na nyaraka ambazo hazipatikani kwingine, kama vile vitabu vya hesabu, tasnifu na picha za familia, na uziache filamu na muziki mpaka mwisho. Ikiwa diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, yaani kinga ya Windows inayoficha data kwa ufunguo, utadaiwa ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, na pasipo ufunguo huo hakuna fundi atakayekufungulia.

Kunakili kukikwama kwama, acha kunakili faili moja moja na uchukue nakala ya diski nzima kwa programu ya GNU ddrescue. Programu hii huchota kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi na kuyaruka yenye matatizo, kisha huyarudia baadaye, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia ili umeme ukikatika uendelee pale pale. Kwenye Mint iliyowashwa kutoka flashi, ukiwa na intaneti, andika:

sudo apt install gddrescue

Kisha tambua jina la diski kwa amri ya "lsblk", ukiutazama ukubwa wake kwa makini, kwa sababu kukosea herufi moja hapa ni kuandika juu ya diski isiyohusika. Tuseme diski mbovu ni sda, na umesimama ndani ya folda ya diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima unayoiokoa:

sudo ddrescue -d -n /dev/sda nakala.img ramani.log
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda nakala.img ramani.log

Amri ya kwanza inachukua vilivyo rahisi. Ya pili inarudi kwenye vigumu na kuvijaribu mara tatu. Zoezi linaweza kuchukua usiku mzima au zaidi. Baadaye faili hutolewa kwenye nakala hiyo bila kuisumbua tena diski yenyewe.

Ikiwa diski inagonga, mambo ni tofauti: izime mara moja. Kila dakika ya ziada inaweza kuwa ya vichwa kuparuza sahani. Usiigandishe kwenye friji, kama baadhi ya watu wanavyoshauri, kwa maana unyevunyevu wa hewa ya Dar es Salaam utageuka matone juu ya saketi na ndani ya kasha mara tu utakapoitoa. Wala usikubali fundi aifungue kasha mezani dukani mbele ya feni; chembe ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyo kati ya kichwa na sahani. Kazi hiyo hufanywa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa, hivyo amua kwanza kama vilivyomo vina thamani ya kiasi hicho.

Hatua ya tatu: kununua diski ya kuweka

Nunua SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu. Kwa mashine za umri huu sioni sababu ya kununua tena diski ya kuzunguka, isipokuwa kwa mtu anayehitaji nafasi kubwa mno kwa fedha kidogo, na hata huyo angefanya vyema zaidi kuweka SSD ndani na diski kubwa ya nje pembeni. SSD haina sahani wala vichwa, kwa hiyo matuta hayaihusu, na kuzimika ghafla hakuiumizi kwa namna ile. Tofauti ya kasi nayo ni kubwa: diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde kumi na zaidi kutafuta kila kipande cha faili, ilhali SSD hukipata kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ukubwa wa GB 240 au 256 unawatosha watu wengi.

Unachohitaji ni SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Usichukue ile nyembamba kama biskuti ya aina ya M.2, hata kama muuzaji anasisitiza kwamba ndiyo ya kisasa, kwani haina pa kuingia kwenye nafasi hiyo. SATA mpya hufanya kazi kwenye mashine yenye SATA ya zamani, ila kwa kasi ya ile ya zamani. SSD nyingi zina unene wa milimita 7 na diski nyingi za zamani zilikuwa na 9.5; nafasi inayobaki huzibwa kwa fremu ya plastiki ambayo wakati mwingine huja ndani ya boksi. Mashine iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006 hivi huenda ikawa na diski yenye kiunganishi cha zamani cha IDE, utakayoitambua kwa safu mbili za pini zilizochomoza. Hiyo iache ipumzike.

Dukani, dai boksi ambalo halijafunguliwa pamoja na risiti ya EFD, kwa sababu dhamana bila risiti ni maneno matupu. Ukiuziwa diski iliyokwisha kutumika, omba ichomekwe mbele yako na CrystalDiskInfo ifunguliwe, kisha utazame mstari wa saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 26,000 imekesha sawa na miaka mitatu mfululizo, hata kama kasha lake limesafishwa likang'aa. SSD ya ukubwa mkubwa kwa bei ya kushangaza ijaribiwe kwa H2testw siku hiyo hiyo. Programu hiyo huijaza diski kisha huisoma, na diski iliyodanganya ukubwa wake huumbuka.

Nunua pia kebo ya kuunganisha SATA na USB. Itakusaidia sasa na baadaye.

Hatua ya nne: kufungua na kufunga

Zima feni ya mezani na utandike kitambaa cha rangi moja, maana skrubu za milimita mbili zikianguka kwenye sakafu ya vigae hazionekani tena. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma chochote kilichoungana na ardhi kabla ya kugusa saketi, hasa ukiwa ofisini kwenye kiyoyozi, ambako hewa ni kavu kuliko ya nje.

Mahali pa diski hutofautiana. Kwenye Latitude za E6420 na E6430, kuna skrubu mbili upande wa chini, na diski huvutwa kutokea ubavuni. Kwenye ThinkPad T420 na T430 kuna kifuniko kidogo chenye skrubu moja, na diski hutoka kwa kuvutwa ulimi wake wa plastiki. EliteBook nyingi za miaka hiyo zina kifuniko cha chini kinachoachia kwa kusukuma kitasa chake, bila bisibisi. Kwa modeli nyingine, tafuta mwongozo wa matengenezo wa mtengenezaji, ambao huonyesha kila skrubu kwa mchoro.

Mashine zilizokaa karibu na bahari mara nyingi huwa na skrubu zilizoshika kutu. Tumia bisibisi ya nyota inayojaa kwenye tundu, ikandamize kwa uzito kuliko unavyoizungusha, na ukiona kichwa kinaanza kulika, weka kipande cha mpira kati ya bisibisi na skrubu kabla hujaendelea. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Urefu wake hutofautiana, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa kibodi kutokea chini.

Ukishaitoa diski ya zamani, iangalie vizuri kabla ya kuiweka kando. Imefungwa kwenye fremu ya chuma au raba, na katika baadhi ya mashine imechomekwa pia kipande kidogo cha kiunganishi mwishoni, ambacho huonekana kama sehemu ya diski lakini si sehemu yake. Vyote hivyo vinahamia kwenye SSD. Mtu akikiacha kile kipande kwenye diski ya zamani, mpya haitagusa soketi, na ataamini ameuziwa mbovu. Kiunganishi cha SATA kina sehemu mbili, fupi ya mawasiliano na ndefu ya umeme, kila moja ikiwa na kona moja inayozuia kugeuzwa. Isukume diski kwa mlalo mpaka ikae, usiikandamize kutoka juu. Kama betri ya saa ilikuwa imekwisha, na ukaiona ilipo, huu ndio wakati wa kuibadilisha. Rudisha skrubu na betri.

Hatua ya tano: kuweka mfumo endeshi

Ingia BIOS kabla ya kitu kingine chochote. Rekebisha tarehe, hakikisha SSD inatajwa, na uweke AHCI, kwa sababu kuibadilisha baada ya Windows kuwekwa kunarudisha ile skrini ya bluu iliyotajwa juu.

Kuhusu mfumo gani uwekwe, Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo mashine hizi hazina. Kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane. Njia za kuyazunguka masharti hayo zipo, lakini siwezi kumshauri mtu anayefanya miamala ya benki azitumie. Kwa kuvinjari, kuandika na majedwali, Linux Mint inatosha, na tayari unayo kwenye flashi. Mwenye programu ya hesabu inayotaka Windows pekee atalazimika kubaki na Windows 10 na kuiweka mbali na intaneti kadiri iwezekanavyo. Mashine iliyokuwa na Windows 10 halali hujitambulisha yenyewe ikiunganishwa na intaneti, kwa kuwa leseni imefungamana na ubao mama. Kwa hiyo usimlipe mtu "kuiactiveti".

Kuhamisha mfumo wa zamani mzima kwenda kwenye SSD kunawezekana, ila kwa diski iliyokuwa inakufa sikupendekezi: utahamisha pia faili za mfumo zilizoharibika, na mashine itakuwa na matatizo yasiyo na maelezo. Weka upya, kisha rudisha nyaraka zako peke yake.

Diski ya zamani

Ihifadhi kwa miezi kadhaa, mpaka utakapokuwa umefungua nyaraka ulizookoa na kuhakikisha zinasomeka. Usiiache kwa fundi, na usiiuze kama chuma chakavu kabla hujaifuta au kuitoboa. Diski ya stationeri moja ya Mwenge au Kinondoni ina nakala za vitambulisho, vyeti na wasifu wa mamia ya wateja, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, anayekusanya taarifa hizo anabeba wajibu wa kuzilinda. Ikiwa diski bado inajibu, ifute yote kwa kuiandika sifuri ukitumia kebo ya USB. Ikiwa haijibu, itoboe kwa drili katikati ya sahani, lakini uifunge kwanza ndani ya kitambaa kizito na uvae miwani, kwa kuwa sahani za diski za inchi 2.5 mara nyingi ni za kioo na huvunjika vipande vipande.